Tom Mboya Alivyopanda na Wenzake

Kila anayevuka pale Mbita kuingia Rusinga huonyeshwa njia ya kwenda kwenye kaburi la Tom Mboya. Wageni hupelekwa huko, wanafunzi huletwa kwa mabasi, na sisi wenyewe tukienda nyumbani Desemba na watoto waliozaliwa mjini hatukosi kuwapitisha. Watoto huuliza alikufaje. Tunawajibu: kwa risasi, Nairobi, Julai 1969. Ni nadra mtoto kuuliza alifanya kazi gani alipokuwa hai, na ni nadra zaidi sisi watu wazima kuwaeleza bila kuulizwa.

Basi mwaka huu kamati imeamua kwamba ukurasa wa maisha ya watu wetu mashuhuri uende kwake, na sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya chama ndio tuliopewa kuuandika. Huenda mkashangaa wahasibu wana nini na wanasiasa. Hatuna neno nao. Ila katika maisha ya mtu huyu kuna jambo moja linalogusa moja kwa moja fedha mnazotoa katika harambee hii, na linagusa pia mabishano ya mkutano mkuu uliopita, ambayo waliokuwepo hawajayasahau.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya hakuzaliwa kisiwani. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mzungu. Baba yake, Leonard Ndiege, na mama yake, Marcella Onyango, walikuwa watu wa Rusinga waliokwenda mbali kutafuta riziki, kama wengi wetu tulivyokwenda baadaye. Baba alikuwa msimamizi wa wafanyakazi shambani. Mtoto alikua akisikia Kikamba, Kikuyu, Kiswahili na Kiluo kwa pamoja, na lugha hizo zote zilikuja kumfaa jukwaani.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani, mahali ambapo watoto waliandika herufi mchangani kwa sababu vifaa havikutosha. Kutoka hapo akaja St Mary's, Yala, mwaka 1942, kisha akaingia Mang'u mwaka 1946. Mang'u ilikuwa shule ya vijana wenye akili, naye akili alikuwa nazo, lakini karo haikuwepo. Mshahara wa baba usingeweza kumfikisha kwenye cheti cha Cambridge na wakati huohuo kuwasomesha wadogo zake. Mwaka 1948 akaacha njia ya sekondari na kujiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya huko Kabete, ambako serikali iligharimia masomo na kumpa mwanafunzi posho kidogo.

Hapo tunaomba msomaji asimame kidogo. Mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye barabara, kwenye chuo kikuu huko Homa Bay na kwenye sanamu katikati ya Nairobi, alikatisha masomo kwa kukosa karo. Shahada hakuwahi kupata. Sisi tunaoandika haya tuna shahada, na wengi wenu mnaosoma mnazo pia, au watoto wenu wanazo. Yeye aliyewafungulia mamia mlango wa chuo kikuu alikuwa na cheti cha ukaguzi wa afya, kozi za posta alizosoma usiku na, baadaye, mwaka mmoja Uingereza.

Mwaka 1951 akaanza kazi katika Baraza la Jiji la Nairobi. Alikagua maziwa, nyama na vyoo. Alikuta wakaguzi Waafrika wakilipwa karibu sehemu moja ya tano ya wanachopata wakaguzi wazungu kwa kazi ileile. Mhasibu hahitaji kuwa mwanasiasa kuona kwamba hesabu hiyo haisimami. Mboya aliiona, lakini hakuishia kunung'unika. Aliingia katika jumuiya ya wafanyakazi Waafrika wa Baraza, iliyokuwa zaidi ya kunywa chai pamoja, akawa kiongozi wake na kuigeuza kuwa chama cha wafanyakazi chenye meno. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi nchini, lile lililokuja kujulikana kama KFL. Alikuwa na umri wa miaka 23, na kazi ya Baraza ikafika mwisho.

Tukumbuke ilikuwa ni wakati wa hali ya hatari. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Aprili 1954 askari walizingira Nairobi na kukamata maelfu ya watu, wakiwemo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi. Kwa usiku mmoja chama kingepoteza mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na daftari la michango likabaki mikononi mwa mtu asiyejua safu ya mapato iko upande gani. Shirikisho lililobaki lilikuwa na kazi ya kutafuta watu wapya na kuwafundisha kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu, kupokea fedha na kutoa stakabadhi, na kuketi mezani na mwajiri bila kutetemeka.

Mboya mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi wa kazi hiyo. Aliyemshika mkono ni Jim Bury, Mkanada aliyetumwa Kenya na shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi, mtu aliyeijua kazi ya vyama na hakuificha. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma Machi 1955, Mboya aliteremka pwani akawa kati ya wafanyakazi, waajiri na serikali mpaka mgomo ukaisha na mshahara ukapanda kwa takriban thuluthi moja. Kazi ile ilimpa sifa nchi nzima. Lakini katika mazungumzo kama yale hakuwa akifanya kazi peke yake. Alikuwa anajifunza kwa mtu mwenye uzoefu, huku wenzake wa Mombasa nao wakijifunza kwake. Tangu mwanzo mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Hakungoja awe amemaliza kufundishwa ndipo afundishe. Na chuo cha viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika kilipofunguliwa Kampala mwaka 1958, aina ile ya mafunzo ikapata nyumba ya kudumu.

Mwaka uliofuata mgomo wa Mombasa tutaupitia haraka, kwa kuwa vitabu vingi vimeueleza: alikwenda Ruskin College, Oxford, kwa ufadhili, akasoma mambo ya viwanda na siasa, kisha akapitia Marekani mwaka 1956 kabla ya kurudi. Machi 1957 Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, alishinda kiti cha Nairobi dhidi ya Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kama mwenyekiti Mkutano wa Watu wa Afrika Yote mjini Accra, uliowakutanisha wapigania uhuru kutoka kila pembe ya bara.

Sasa tufike kwenye ndege.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana Mkenya aliyefaulu vizuri alikuwa na milango michache. Makerere ilikuwepo, na nafasi zake zilikuwa chache. Chuo cha ufundi cha Nairobi ndiyo kwanza kilikuwa kimefunguliwa. Uingereza ilichukua wachache tena kwa mizani yake. Lakini vijana walikuwa wameshagundua kitu. Walikuwa wakiandika barua wenyewe kwa vyuo vya Marekani, vingi vikiwa vyuo vidogo vya makanisa katika miji ambayo hawakuwahi kuisikia, na vyuo vikawajibu kwamba vitawasamehe karo. Kijana alikuwa na barua ya nafasi mkononi, lakini hakuwa na namna ya kuvuka bahari. Nauli ya ndege ilizidi mapato ya mwaka mzima ya mzazi wake. Muhula ulianza, kiti kikakaa wazi, barua ikabaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Wahasibu tunaipenda sana sehemu hii ya habari. Wengine waliangalia tatizo la elimu wakaona mlima: nchi maskini, vyuo hakuna, serikali haitaki. Mboya aliona mahali hasa palipoziba. Karo ilikuwa imeshapatikana, nafasi pia, na kijana yupo tayari. Kilichokosekana ni nauli. Kila dola ya nauli ingefungua dola nyingi zaidi ambazo tayari zilikuwa zimeahidiwa na zingepotea bure. Na nauli ya mtu mmojammoja ni ghali kuliko ya ndege nzima iliyokodiwa na kujazwa.

Katika safari yake ya 1956 alikuwa amekutana na William Scheinman, mfanyabiashara kijana wa New York aliyetengeneza vipuri vya ndege. Wakawa marafiki, na kwa miaka miwili mitatu Scheinman alisaidia kulipia wanafunzi wachache. Aprili 1959 Mboya alirudi Marekani akazunguka kwa wiki kadhaa akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, mara nyingine mara kadhaa kwa siku. Kila alipokwenda aliomba uhuru wa Kenya, na kabla ya kuondoka aliomba pia nafasi za masomo. Wakfu maalumu ulianzishwa New York kutafuta nauli. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya maombi kwa umma, na watu wa kawaida wakatuma michango yao midogo midogo kwa posta. Ni harambee hasa, ila kwa Kiingereza.

Huku nyumbani kulikuwa na upande wa pili wa daftari. Nauli ililipwa Marekani, lakini kijana alihitaji fedha za kujikimu, na hizo zilitakiwa kutoka kwa jamii yake. Vijijini ziliandaliwa karamu za chai na ngoma; ng'ombe na mbuzi waliuzwa. Mboya, pamoja na Dakta Julius Kiano, aliyekuwa na shahada ya uzamifu kutoka California, na Kariuki Njiiri, ambaye naye alisoma Marekani, walipitia maombi na kuchagua. Waliokuwa wakiomba walikuwa wengi kuliko viti. Serikali ya kikoloni ilidharau vyuo vya Marekani na kusema shahada zake ni za chini.

Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81, wanaume kwa wanawake, kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Hilo la sehemu mbalimbali tulitilie mkazo. Angeweza kuijaza kwa vijana wa Nyanza, tena ingemrahisishia siasa za nyumbani, lakini hakufanya hivyo.

Kwa ndege za 1960 serikali ya Marekani ilikataa kuchangia. Julai mwaka huo Mboya alikwenda Hyannis Port kumwona Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Habari hiyo ikawa gumzo la kampeni za Marekani. Ndege zikaruka tena, safari hii zikiwa na vijana wa nchi jirani pia. Hadi mpango ulipokwisha mwaka 1963, mamia ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati walikuwa wamesafiri. Ofisi ya New York, ikiendeshwa na Cora Weiss, haikuwaacha mlangoni mwa uwanja wa ndege. Iliendelea kuwatafutia kazi za likizo na kuwasaidia walipokwama.

Katika ndege za 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma biolojia katika chuo cha watawa huko Kansas. Huyo ni Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Katika ndege ya 1959 alikuwemo Pamela Odede, binti ya Walter Odede aliyekuwa kizuizini, aliyekwenda chuo cha wanawake huko Ohio. Alirudi, na Januari 1962 akafunga ndoa na Mboya. Kuna wanaotabasamu wakifika hapa, nasi hatuwakatazi.

Wengi hudhani Barack Obama wa Kogelo, baba wa rais wa Marekani, alikuwa kwenye ndege ile ya kwanza. Hakuwemo. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa nauli iliyotafutwa kwingine, ila Mboya alikuwa rafiki na mkubwa wake, na msaada ulimfikia. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10 kuhusu usoshalisti wa Kiafrika na mipango ya uchumi, waraka ambao Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ndiye aliyeusimamia. Katika mwezi wa Julai mwaka huo Obama alichapisha makala katika jarida la East Africa Journal akiukosoa waraka huo kwa jina lake mwenyewe. Kijana aliyesaidiwa anaushambulia hadharani waraka wa aliyemsaidia! Wengine wetu tungefunga simu. Urafiki wao haukufa. Mboya alipouawa, Obama alikuwa miongoni mwa waliokutana naye mjini siku hiyo, na alisimama mahakamani kutoa ushahidi wakati ambapo wengi waliona usalama wao ni kukaa kimya.

Yupo pia Mwai Kibaki. Hakuhitaji ndege ya Mboya; alikuwa mhadhiri Makerere, mwanauchumi wa kuaminika. Mwaka 1960 KANU mpya, ambayo Mboya alikuwa katibu mkuu wake, ilimtoa Makerere akawe afisa mtendaji wa chama. Baada ya uhuru alifanya kazi katika mipango ya uchumi chini ya Mboya kabla ya kupewa wizara yake mwenyewe mwaka 1966. Mnajua alikofika mwaka 2002.

Tunarudi sasa kwenye mkutano mkuu. Mtakumbuka pendekezo lililoletwa: kila mwanachama mwenye kazi, awe karani, mwalimu, muuguzi, fundi au meneja, achukue kijana mmoja wa nyumbani kwa miaka miwili. Hakuombwa kumlipia karo. Aliombwa kumpigia simu, kusoma barua yake ya maombi ya kazi kabla haijatumwa, kumkaribisha ofisini au kwenye karakana wakati wa likizo aone siku ya kazi ilivyo, na kumwambia ukweli kuhusu kozi anayotaka kusomea. Pendekezo halikupita wala halikukataliwa. Liliahirishwa kwa sababu wengi walisema wenyewe bado wanapanda. Mtu hawezi kumvuta mwenzake naye hajafika.

Tukiangalia tarehe za maisha ya Mboya, hoja hiyo inatupa taabu. Ndege ya kwanza iliporuka alikuwa ametimiza miaka 29. Alikuwa akiongoza shirikisho la wafanyakazi, anawakilisha Nairobi, anaendesha chama chake cha siasa cha jiji na anajiandaa kwa mazungumzo ya katiba huko Lancaster House, London, yaliyoanza Januari 1960. Uwaziri hakuwa nao bado. Aliupata mwaka 1962, Wizara ya Kazi. Kwa maneno mengine, kazi kubwa kabisa aliyowafanyia vijana aliifanya akiwa katikati ya ngazi, mikono yote miwili ina shughuli.

Wapo watakaosema, na walisema wakati ule, kwamba aliwapeleka vijana Marekani ili ajijengee jina na jeshi la wasomi watakaomuunga mkono. Sisi tunaona upo ukweli hapo. Ndege zile zilimfanya ajulikane duniani, zilimpa marafiki wenye nguvu na zilimpa wapinzani wake kitu cha kuogopa. Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa akipeleka vijana Urusi na nchi za Mashariki, na kila mmoja alijua mwenzake anafanya nini. Lakini tukifunga vitabu mwisho wa mwaka hatuulizi kama mtoaji alifurahi kupigiwa makofi. Tunauliza kama fedha zilifika na zilifanya kazi. Vijana walifika, wakasoma, na wengi wakarudi kujaza nafasi za maofisa wazungu waliokuwa wakiondoka. Kuinua wengine kulimwinua naye, na hatuoni ni kwa nini jambo hilo limpunguzie thawabu.

Wala si kwamba kila aliyeinuliwa alimlipa kwa wema. Ndani ya shirikisho la wafanyakazi naibu wake mwenyewe alijitenga na kuanzisha shirikisho pinzani. Katika siasa mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkutano wa KANU wa Limuru mwaka 1966, ambako Jaramogi aliondolewa kwenye umakamu wa chama, uliwaumiza watu wa kwetu, na wengi walimhesabu Mboya miongoni mwa waliouandaa. Wapo wazee waliokwenda kaburini na kinyongo hicho. Hatutaki kukifukua hapa. Tunakitaja kwa sababu kijitabu kinachomsifu mtu bila doa hakiaminiki, na ninyi mnaijua historia hiyo kuliko sisi.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, mchana, alitoka katika duka la dawa lililokuwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, na swali la nani alimtuma halijawahi kujibiwa mahakamani. Mwili ulisafirishwa hadi Rusinga kupitia umati wa watu waliolia na waliokasirika, ukazikwa kisiwani kwa wazazi wake.

Hesabu za mfuko wa basari ziko kurasa za mbele, zimekaguliwa. Mtaona kwamba tumelipa karo ya kila kijana tuliyemkubali, na hakuna aliyerudishwa nyumbani katikati ya muhula. Ambacho hesabu hazionyeshi, maana hakina safu yake, ni kinachotokea baada ya risiti ya mwisho. Vijana tuliowalipia hadi kidato cha nne, wengine hadi chuo, wamerudi ufuoni kuvua omena na mbuta. Kuvua si aibu. Wengi wetu tulilelewa na samaki. Lakini baadhi yao walikuwa na alama za kusomea uuguzi, uhandisi na hata uhasibu, na tulipowauliza kwa nini hawakuomba nafasi, jibu lilikuwa lilelile: tarehe ilipita, hawakujua fomu inajazwaje, hawakuwa na mtu wa kumuuliza. Mmoja alichagua kozi kwa sababu jina lake lilikuwa refu. Tumemlipia mtoto huyo miaka minne, fedha zenu, na njia ikaziba mahali ambapo simu ya dakika kumi kutoka kwa mmoja wetu ingeizibua. Mfuko ukiongezwa maradufu leo, bado tatizo hilo litabaki palepale.

Kwa hiyo kamati inalirudisha pendekezo. Katikati ya kijitabu hiki kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ile mliyoizoea, ya ahadi ya fedha, na tunaomba iendelee kujazwa kwa ukarimu uleule, kwa sababu karo za Januari hazisubiri. Ya pili haina mahali pa kuandika shilingi. Inauliza jina, kazi unayofanya, mji unaoishi na siku gani ya juma unaweza kupokea simu ya kijana. Orodha ya vijana 34 wa mwaka huu, pamoja na masomo wanayoyapenda, itabandikwa ukumbini karibu na meza ya mweka hazina. Anayetaka kumchagua kijana mwenyewe afike kabla ya saa nane, maana baada ya chakula tutaanza kuwagawa kwa kura.